Gari la taka lipangiwe njia

Mji wa Moshi umejijengea sifa ya usafi nchini kote, na umeshinda mara kadhaa mashindano ya kitaifa ya usafi. Lakini sifa hiyo haijilindi yenyewe. Hulindwa kila siku kwa kuondoa taka majumbani kabla hazijaoza.

Tatizo la miji yetu si uhaba wa magari peke yake. Gari lililopo likizunguka bila mpango, barabara ya lami hupitiwa mara mbili na mtaa wa vumbi husubiri wiki nzima. Mwananchi aliyechoka kusubiri humwaga taka mferejini. Masika yakifika, taka hizo huishia katika Mto Rau au Karanga. Na maji ya Rau hunywesha mashamba ya mpunga!

Moshi imekaa mteremkoni. Kwa hiyo gari lipande likiwa tupu, lianzie mitaa ya juu na likusanye likishuka. Kupandisha mlima gari lililojaa ni kuchoma dizeli ya wananchi bure. Kila mtaa ujue siku na saa yake, na ratiba ibandikwe katika ofisi ya mtaa. Masoko kama Mbuyuni, ambayo hutoa taka nyingi kila siku, yapangiwe safari zake yenyewe.

Wananchi nao wana wajibu wao. Ganda la ndizi ni mzigo garini, lakini kihambani ni mali. Wazee wa Uchagani walimpa ng'ombe maganda, na samadi ikarudi mgombani. Chupa, makopo na vyuma chakavu vitengwe, viuzwe. Hapo gari litabeba kidogo na safari zitapungua.

Tusisahau historia. Mabaraza ya miji yalipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, huduma za mijini zilizorota hata Serikali ikaanza kuyarudisha mwaka 1978. Hayakurudishwa ili yakae vikao tu, bali yafanye kazi kama hii.

Kupanga njia hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji dereva anayeijua mitaa, ratiba inayofuatwa, na diwani anayeuliza kila wiki ni mtaa gani uliorukwa. Tunaziomba halmashauri zote zianze na swali hilo.