Istilahi Hazitoshi: Kiswahili na Uainishaji wa Opilioni wa Mapangoni

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umedumu kwa miaka mingi katika vyuo vyetu, na aghalabu huishia mahali pamoja: tunahitaji istilahi. Orodha hutungwa, kamusi huchapishwa, nasi huridhika kwamba kazi imekamilika. Maoni yangu ni kwamba istilahi ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni maelezo. Nitalithibitisha dai hili kwa mfano wa kiumbe mdogo ambaye wanaisimu hawana mazoea ya kumzungumzia, yaani opilioni wa mapangoni.

Opilioni ni araknida mwenye miguu minane, na kwa sababu hiyo watu wengi humwita buibui. Si buibui. Kiwiliwili cha buibui kimegawanywa na kiuno chembamba, ilhali cha opilioni kimeungana kikawa kama punje moja. Opilioni hana tezi za uzi wala za sumu. Hujikinga kwa majimaji yenye harufu kali. Spishi zaidi ya 6,000 za oda hii zimekwisha kuelezwa duniani. Jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mchungaji. Waingereza humwita mtu wa mavuno. Wajerumani humwita mtumishi wa mfumaji, ingawa hafumi chochote. Hata hivyo, jina hilo lisilomfaa halikumzuia Mjerumani Carl Friedrich Roewer kueleza spishi zaidi ya 2,000 za opilioni, zikiwamo nyingi za Afrika. Kazi yake ilisimama juu ya maelezo, na ilipotetereka, ilitetereka kwa sababu ya maelezo hayo hayo: alitegemea mno hesabu ya pingili za miguu na ya miiba, sifa ambazo baadaye zilionekana kubadilika hata miongoni mwa opilioni wa spishi moja. Jenasi zake nyingi zimefutwa.

Ugumu wa kazi hii huzidi tunapoingia mapangoni. Kiumbe aliyeishi gizani kwa vizazi vingi hupungukiwa na macho na rangi, na miguu yake hurefuka kwa ajili ya kupapasa. Mabadiliko hayo huweza kutokea katika koo mbalimbali, kila moja pangoni mwake, hata viumbe wasio ndugu wa karibu wakafanana. Basi mtaalamu hawezi kutegemea sura ya jumla. Hana budi kupima kila pingili, kuchora viungo vya uzazi vya dume kwa msaada wa hadubini, na kulinganisha sampuli yake na zile zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Kisha huteua sampuli moja, holotaipu, iwe shahidi wa jina jipya. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai uteuzi huo utajwe waziwazi.

Je, maelezo hayo yana uzito gani nje ya maktaba? Tutazame Texas, nchini Marekani. Mwaka 1988 serikali ya nchi hiyo iliorodhesha opilioni wa mapangoni aitwaye Texella reddelli, wa karibu na mji wa Austin, miongoni mwa viumbe walio hatarini. Mwaka 1992 Darrell Ubick na Thomas Briggs walichapisha uchunguzi mpya wa jenasi hiyo, wakaonyesha kwamba baadhi ya waliodhaniwa kuwa Texella reddelli walikuwa spishi nyingine. Wakaiita Texella reyesi: kipofu, mwenye miguu mirefu na rangi ya chungwa iliyofifia, na kiwiliwili kisichofika milimita 3. Mwaka 1993 orodha ya serikali ilirekebishwa ili sheria iwalinde wote wawili. Wenye ardhi waliotaka kujenga juu ya mapango walikwenda mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaamua kwamba ulinzi huo ulikuwa halali. Hivyo kurasa za maelezo ya mdudu asiyeonekana kwa urahisi zilikuwa na nguvu ya kuongoza sheria.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa. Pwani ya Kenya ina mapango katika mawe ya matumbawe, kama yale ya Shimoni, na mawe ya chokaa ya ukanda huo huchimbwa kwa ajili ya saruji. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika utunzaji wa mazingira. Lakini mwananchi atashirikije ikiwa kinachoishi chini ya shamba lake kimeelezwa kwa lugha asiyoitumia barazani? Kumpa neno "opilioni" pekee ni kumpa kibuyu kitupu. Anahitaji kuambiwa kiumbe huyo ni nani, anatofautianaje na jirani yake, na kwa nini akitoweka pangoni humo huenda asipatikane kwingine. Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza.

Wapo watakaosema kwamba sayansi hii ina lugha zake. Kanuni zenyewe hazisemi hivyo. Zinakubali jina lililotokana na lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini, na hazikatazi maelezo kuandikwa kwa lugha yoyote. Zinapendekeza tu kwamba lugha zinazotumiwa sana na wataalamu zitumike. Pendekezo hilo ni la busara, nami silipingi. Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza, na pia kwa Kiswahili.

Wala lugha yetu si maskini kama inavyodhaniwa. Tayari tuna pingili, neno tulilolichuma kwenye muwa na mwanzi, linalofaa kabisa mguu wa opilioni. Tuna paja, goti na muundi. Tuna kidutu, mwiba na mfuo kwa ajili ya ngozi yake. Tunachokosa ni mazoea ya kuyapanga maneno haya katika sentensi fupi, zenye vipimo, zisizoweza kufasiriwa kwa namna mbili. Mazoea hayo hayapatikani katika kamusi. Hupatikana kwa kuandika.

Napendekeza basi kwamba idara zetu za Kiswahili zishirikiane na idara za zoolojia. Mwanafunzi wa isimu aketi na mwenzake penye hadubini, waeleze kiumbe mmoja kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha msomaji wa tatu apewe maelezo hayo na sampuli kadhaa achague iliyo sahihi. Akiikosa, waandike upya. Tasnifu moja ya namna hiyo itakifaa Kiswahili kuliko orodha nyingine ya istilahi mia tano ambazo hakuna anayezitumia.