Mwenye Fedha na Nyumba ya Mwenye Deni

Mkulima wa Mbinga anayajua magoma. Ni ile biashara ambayo mlanguzi humpa mkulima fedha kidogo wakati wa dhiki, kahawa ingali mtini, kisha wakati wa mavuno akaizoa kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Uovu huo umelaaniwa mara nyingi. Lisilosemwa ni kwamba tabia hiyo huhamia pia kwenye nyumba. Mwananchi aliyeweka nyumba yake rehani na kushindwa kulipa hubishiwa hodi na mwenye fedha taslimu kabla dalali hajafika.

Kununua nyumba ya mtu wa namna hiyo si kosa. Pengine ndiyo njia ya kumwepusha na gharama na fedheha ya mnada. Swali ni bei, na namna bei hiyo inavyofikiwa.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, baada ya marekebisho ya mwaka 2008, humpa mdaiwa siku 60 tangu apokee taarifa kabla mkopeshaji hajachukua hatua. Kifungu cha 133 humtaka mkopeshaji anayeuza atafute bei bora inayowezekana. Bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huhesabiwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Salio, baada ya deni na gharama, ni mali ya mwenye nyumba.

Lakini kinga hiyo inamkabili mkopeshaji tu. Mapatano ya faragha, usiku wa kuamkia mnada, hayana mizani hiyo. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 30 yenye deni la milioni 9. Mnunuzi anaweka mezani milioni 12 na kusema, "Chukua leo, au kesho umngoje dalali." Mwenye nyumba anabaki na milioni 3, mgeni wake amejipatia milioni 18 kwa mazungumzo ya jioni moja. Mkopeshaji angeuza chini ya milioni 22 na nusu, angetakiwa kujieleza. Mnunuzi huyu haulizwi na mtu.

Basi mizani hiyo hana budi kuja nayo mwenyewe. Deni lionekane kwa maandishi ya mkopeshaji. Thamani itajwe na mthamini asiyekuwa mtu wake. Fedha ya deni ilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji, hati ifunguliwe, na salio limfikie mwenye nyumba mbele ya mashahidi. Akitaka punguzo kwa sababu paa limeoza, alitaje paa. Hofu ya mdaiwa si kasoro ya nyumba. Mkewe naye aridhie, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila yeye. Na kabla ya yote, amshauri mdaiwa akaombe kupangiwa upya marejesho. Atakosa nyumba? Pengine.

Huko Liparamba, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kama ilivyo katika vijiji vingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa haki ya kimila upate idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Wanunuzi wa mjini hukiona kikao hicho kuwa usumbufu. Kumbe ndipo mahali ambapo bei inaweza kutamkwa mbele ya majirani wanaoijua nyumba.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Katazo hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Kwa hiyo anayebisha hodi anaweza kuwa kiongozi, na mdaiwa akashindwa hata kubishana naye.

Tarehe ya kuhama nayo iandikwe mkatabani. Mkulima ambaye kahawa yake imebakiza miezi miwili kuchumwa, akiomba kubaki mpaka aiuze, haombi hisani. Anaomba muda wa kupata kodi ya chumba atakachohamia.