Kufunga kiyoyozi nyumbani: fundi ni nusu ya mashine

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zilinibana. Leo naiweka tarakilishi kando kidogo nizungumzie mashine nyingine: kiyoyozi, hiki cha kufungwa ukutani ambacho wengi wetu hukiita eisi tu. Nina maoni ya kutoa, na nina kosa la kukiri pia.

Mimi nafanya kazi Nairobi, ambako usiku tunajifunika blanketi. Mama yangu yuko Kisauni, Mombasa. Anayeijua Mombasa wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, hahitaji kuelezwa. Nyumba yetu si kama zile za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya juu. Ni ya matofali ya saruji na paa la zege. Zege hilo hunywa jua mchana kutwa, kisha usiku hulitapika ndani ya vyumba. Feni ilikuwapo, lakini feni haipunguzi joto la chumba, hulizungusha tu. Siku moja nikampigia Mama simu saa nane za usiku nikidhani nitaacha ujumbe, akapokea. Alikuwa ameketi barazani. Mtu anayemeza dawa za presha, halali. Nikasema basi, nanunua kiyoyozi.

Dukani muuzaji alitaka kunipa cha BTU 18,000. Nikauliza kwa nini, akanijibu kuwa kikubwa ndicho bora. Hapa angalau nilikuwa nimesoma kidogo. BTU kwa saa ni kipimo cha joto ambalo mashine inaweza kuliondoa chumbani. Chumba cha Mama ni mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba. Hesabu ya haraka ya mafundi wengi ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, ambayo inatoa 7,200. Ukiongeza kidogo kwa sababu ya lile paa, 9,000 zinatosha. Na kikubwa mno si bora hata kidogo, hasa pwani. Kiyoyozi kinafanya kazi mbili: kupoza hewa na kuikausha. Kikiwa kikubwa kupita kiasi hupoza chumba haraka kikajizima kabla ya kutoa unyevu. Unabaki na chumba cha baridi chenye majimaji, shuka zinanata.

Kwa hiyo nikachukua cha 9,000, cha inveta. Cha kawaida huwasha kompresa kwa nguvu zote kisha hukizima, huwasha tena. Cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa, na hapo ndipo tokeni za stima zinapookolewa. Nikajiona mjanja sana. Kumbe ujanja wangu uliishia mlangoni pa duka.

Fundi wa kwanza alikuja, akatazama ukuta, akasema kazi ni shilingi 12,000, kwa sababu kuna pampu atakayoikodi. Nikamwambia mwenzake mtaani anachukua 7,000. Akanyamaza kidogo, akakubali. Akatoboa ukuta, akafunga kile cha ndani juu ya mlango na kile cha nje kwenye ukuta wa uani, akaunganisha mabomba mawili ya shaba, jembamba na nene. Halafu akafungua gesi kidogo, ikatoka psss kwenye kiungo, akakaza nati. "Tayari, boss." Saa moja na nusu. Ubaridi ukaja, Mama akaniombea dua, nami nikapanda basi kurudi Nairobi.

Baada ya miezi mitatu Mama akapiga simu: "Mwanangu, hiki chombo chako kinatoa upepo tu." Bomba lilikuwa limeota barafu. Fundi akasema gesi imekwisha, akaongeza kwa 4,000. Miezi mitatu mingine, hadithi ile ile, 4,000 nyingine. Mara ya tatu nikatafuta fundi mwingine, mzee wa makamo aliyependekezwa na jirani. Huyu hakufungua hata mtungi wa gesi. Alichovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka viungo vya nje. Povu likaanza kuchemka polepole kwenye nati moja. Akanigeukia: "Gesi haiishi, mwanangu. Gesi hutoroka."

Naomba sentensi hiyo muishike. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: ndani ya nyumba inageuka kutoka maji kuwa mvuke na kubeba joto, nje inabanwa na kompresa na kulitema joto hilo, kisha inarudi. Mashine iliyofungwa sawasawa inaweza kukaa miaka na miaka na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Fundi anayekuongezea gesi kila msimu bila kutafuta tundu anakuuzia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na ile pampu? Mabomba yakiunganishwa huwa yamejaa hewa yetu ya kawaida, na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha. Kazi ya pampu ni kufyonza hewa na unyevu wote kabla gesi haijafunguliwa. Unyevu ukibaki, unaweza kuganda na kuziba njia nyembamba ya gesi, au ukachanganyika na oili ya kompresa na kufanya asidi inayoila mashine kutoka ndani. Hakuna macho yanayoweza kuona hilo siku ya kwanza. Kiyoyozi kitapoza vizuri kabisa. Kitakufa baadaye, na utailaumu kampuni iliyokitengeneza.

Yule mzee alikata ncha za mabomba, akazipanua upya, akakaza nati kwa spana ya kipimo. Akajaza naitrojeni, akasubiri saa nzima akitazama geji kama inashuka. Kisha pampu, nusu saa na zaidi, akaifunga, akatazama geji tena. Mwisho akapima gesi kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine. Akalipwa 15,000. Kompresa kwa bahati ilikuwa bado nzima.

Sasa piga hesabu. 7,000, mara mbili 4,000, na 15,000: jumla 30,000. Ningemlipa fundi wa kwanza 12,000 zake na kusimamia akodi pampu, yangeisha. Nilikuwa nimemlaumu miezi sita, lakini ukweli ni kwamba yeye aliitaja pampu na mimi ndiye niliyeiondoa. Nilipokata bei sikuuliza anakata nini. Akakata mahali nisipoweza kuona, kama mtu yeyote angefanya.

Jambo hili liliniuma kwa sababu nalijua kutoka upande wa pili wa meza. Mara ngapi mteja ameniambia "bei iko juu, ondoeni hayo majaribio, mtandikie programu tu ifanye kazi"? Nasi tunaondoa, programu inaonekana nzuri siku ya uzinduzi, na miezi mitatu baadaye simu zinaanza. Huwa nakasirika. Kumbe nami ni mteja wa aina hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine. Ile psss haikuwa bure. Gesi ya R-32 iliyomo kwenye viyoyozi vingi vipya hupasha dunia joto karibu mara 675 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huo huo kwa kipimo cha miaka 100. R-410A iliyoitangulia ni zaidi ya mara 2,000. Ndiyo sababu mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Makubaliano ya Kigali hayana maana kama uani kwetu Kisauni tunaipulizia hewani ili kuokoa kodi ya pampu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: usibishane bei ya fundi kabla hujamuuliza atafanya nini. Muulize:

1. Una pampu ya kufyonza hewa, na utaiendesha kwa muda gani? Akikuambia atasukuma hewa kwa gesi, mshukuru, tafuta mwingine.
2. Utapima vipi kama viungo vinavuja? Hata maji ya sabuni ni jibu.
3. Tundu la ukutani litainamia nje? Lisipoinama, maji yatarudi chumbani.
4. Umeme utatoka wapi? Uwe waya wake kutoka kwenye swichi kuu, na kifaa cha kuilinda mashine stima inapopanda na kushuka.
5. Cha nje kitakaa wapi? Kipate nafasi ya kupumua, na kama u karibu na bahari, kisielekee upepo wa chumvi moja kwa moja.

Baada ya hapo ni kazi yako: osha vichujio kila majuma mawili hivi, na rimoti iache kwenye digrii 25 au 26. Kuweka 16 hakuharakishi baridi, kunaharakisha tokeni.

Najua wapo watakaosema kiyoyozi ni anasa, watu wapande miti na wajenge kama wazee wetu walivyojenga. Nakubali kabisa kuhusu kujenga. Lakini nyumba ya Mama imeshajengwa, na kaskazi haisubiri mwembe ukue.

Sasa ni zaidi ya mwaka, gesi haijaongezwa hata mara moja. Juzi nilimpigia Mama saa nne za usiku, simu ikaita mpaka ikakatika. Asubuhi akaniambia alikuwa amelala.

Nanyi je, mafundi wenu wanatumia pampu? Niandikieni maoni yenu, hasa nyinyi mlio Mombasa, Lamu na Malindi. Tukutane wiki ijayo.