Unajua mbao? Basi Forth unaiweza

Hebu niambie, mbao ni nini? Kwa maseremala wa Gikomba ni za kutengeneza kitanda. Mlangoni mwa mathree ni ishirini bob. Huchanganyikiwi, kwa sababu kichwa chako kinajua kamusi ya kufungua kwanza.

Kuna lugha ya kompyuta inayofanya vivyo hivyo. Inaitwa Forth, iliundwa na Mmarekani Charles Moore, na naona vijana wa Eastlands tungeanza nayo kabla ya zile tunazouziwa kwa kozi za bei. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na semista zote hizo hakuna aliyenionyesha kumbukumbu ya mashine inaenda wapi. Kwa Forth, unaiona ikijaa.

Kuandika programu hapa ni kuongeza maneno kwenye kamusi. Neno jipya linakaa juu, na msako huanzia juu. Ukirudia jina lililokuwepo, la zamani halifutwi, linafunikwa tu. Maneno yaliyoundwa kabla yanabaki na maana ya kale, kama buda wa Kaloleni ambaye Sheng yake haijasonga. Kamusi ikijaa vurugu unaigawa, mathalani moja ya taa na nyingine ya saa, halafu unapanga ipi isakwe kwanza.

Mtego uko kwenye kufuta. Kamusi hupanda kama ploti za Pipeline, ghorofa juu ya ghorofa. Ukiita FORGET kwa neno la ghorofa ya pili, zote za juu yake zinaanguka nayo. Ndiyo maana wajanja huweka MARKER kabla ya kujaribu kitu: ukiiita, kila kilichofuata kinatoka na nafasi inarudi.

Kibao cha Arduino Uno kina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na 2 tu za kufanyia kazi. FlashForth inatosha humo, na bado unaongeza maneno yako. Utaniambia hakuna anayeajiri watu wa Forth. Matangazo ni machache, sikatai. Lakini aliyezoea kupima kila baiti hangoji laptop mpya ndiyo aanze.

Gforth ni ya bure, na mashine ya mtumba inaibeba. Andika : mbao 20 . ; halafu : nauli mbao ; kisha unda mbao upya ichape 50. Sasa ita nauli. Bado inasema 20. Makanga hatapenda.