"Kwangu iko sawa" si jibu

Msee akikuambia majaribio ya maktaba yako ya programu yanafeli kwa laptopu yake, halafu umjibu "kwangu iko sawa", hujamsaidia. Umemfukuza tu kwa heshima.

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Tangu Daraja ya M-Pesa itoke 2017, watu wameiandikia maktaba kibao. Ombi la kumtumia mteja ile menyu ya kuweka PIN lazima libebe tarehe na saa. So kwa Python unaandika "Africa/Nairobi" na zoneinfo, iliyokuja na toleo la 3.9 mwaka 2020, inakupa saa zetu. Shida ni kwamba zoneinfo husoma orodha ya saa za dunia kutoka kwa mfumo wa kompyuta. Mac na Linux kwa kawaida wanayo. Windows haina ile inayotafutwa. Msimbo ni ule ule, lakini huku unapita, kule unaanguka. Dawa? Ongeza tzdata kwa orodha ya vitu ambavyo maktaba yako inahitaji. Mstari mmoja!

Na si Windows pekee huumia. Ukiita faili ya data Malipo.csv halafu uifungue kama malipo.csv, Windows itanyamaza. Linux itakataa, na seva nyingi ni Linux. Hapo utajulia shida kwa wateja.

Sasa, huku Witeithie wengi tunajifunzia kwa laptopu za mtumba zenye Windows. Anayeanza akiona maandishi mekundu hasemi maktaba ina kasoro. Anasema, "Mimi sijui hii kitu," anafunga laptopu. Sisi tulioacha chuo hatuna hata lekchara wa kutuambia shida si sisi.

Najua utasema huna pesa ya kompyuta tatu. Huzihitaji. Kama mradi wako uko wazi kwa umma, GitHub Actions itakuendeshea majaribio bure kila mabadiliko yakiingia. Unaorodhesha ubuntu-latest, windows-latest na macos-latest, basi. Ukiona inachukua muda, Windows iendeshe na toleo moja tu la Python, lakini usiiache nje.

Witeithie kwa Kikuyu ni jisaidie mwenyewe. Sawa, tutajisaidia. Lakini kwanza maktaba yako ikubali kufunguka kwa mashine tuliyo nayo. Ongeza Windows leo usiku, uone ni majaribio mangapi yatafeli.