Hollywood ya Kale Si ya Wazungu Peke Yao

Kuna kauli ninayoisikia kila inapotajwa filamu ya zamani ya Marekani: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Hapa Dodoma wasomi wa Chuo Kikuu (UDOM) wanaitoa, watumishi wa Mji wa Serikali wa Mtumba wanaitoa, na vijana wa mtaa wa Majengo wanaowajazia wateja muvi kwenye flashi wanaitoa bila hata kuinua macho. Inasemwa kwa sauti ya uzalendo, na wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali. Mimi nakataa. Anayesema hivyo anagawa urithi ambao hajaufungua akaona ndani mna nini.

Tuanzie hapa hapa Ugogo. Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa filamu ya Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Safari inayosimuliwa ni ile ya 1871, ya mwanahabari Stanley kumtafuta Livingstone, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Msafara ulipita Mpwapwa, ukafika Chunyo kwenye maji ya chumvi, ukavuka nyika ya Marenga Mkali, ukatokea Mvumi, kisha ukashika njia ya Tabora. Stanley mwenyewe, katika kitabu chake, alitumia kurasa nyingi kulalamikia hongo aliyotozwa na watawala wa Kigogo, doti za nguo juu ya doti, kila himaya ikidai haki yake. Mgeni hakupita nchi hii bila idhini ya wenye nchi. Na mmoja wa Wazungu wawili aliotoka nao pwani, William Farquhar, aliachwa Mpwapwa akiwa mgonjwa, akafia huko. Ila ukiitazama filamu utakuta mwandani wa Stanley ni Mmarekani wa kubuni, Jeff Slocum, aliyechezwa na Walter Brennan.

Lakini itazame hivyo hivyo, na utazame kwa makini. Tracy hakukanyaga Afrika. Alibaki Marekani. Picha za msafara zilipigwa na kikosi cha Otto Brower kilichotumwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na yule unayemwona kwa mbali amevaa kofia ya Stanley ni mtu mwingine aliyemwakilisha. Wapagazi ni wa kweli. Ardhi wanayoikanyaga ni ya kweli, vumbi ni la kweli, mwendo wa mtu aliyezoea mzigo kichwani ni wa kweli. Mle ndani bandia ni mgeni, wenyeji ndio halisi. Halafu mjukuu wa wale wapagazi anasema filamu hiyo haimhusu!

Najua jibu litakalokuja: filamu zile zilitutukana. Ni kweli, na sitaki kulipunguza hilo hata kidogo. Zilituonyesha kama watu wasio na akili wala historia, wa kubeba mizigo, kupiga ngoma na kufa mapema ili shujaa Mzungu ahuzunike. Ndiyo sababu hasa ya kuzishika. Aliyetukanwa mbele ya dunia nzima ana haki ya kuwa na nakala ya tusi, kuisikiliza neno kwa neno, na kujibu. Kuiacha kwa aliyetukana ni kumwachia yeye kazi ya kueleza alimaanisha nini, na ndivyo tulivyofanya. Filamu hizi zinasafishwa upya fremu kwa fremu, zinatolewa kwenye diski mpya, na wapenzi wake Ulaya na Marekani wanazisubiri kwa hamu mwezi hadi mwezi. Wanaoalikwa kuzitolea maelezo ni wanahistoria wa kwao. Wanaijua kamera, wanajua mishahara ya waigizaji, wanajua nani aligombana na nani. Wapagazi hawawajui, na hawana pa kuwaulizia, kwa sababu sisi tumeshajitoa.

African Queen ni mfano mwingine, nitaupitia haraka. Ndiyo filamu iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Kwa sehemu ilipigwa Uganda na Kongo, ikatoka mwaka 1951, na nakala iliyosafishwa ikatolewa tena 2010. Meli ya kivita ya Wajerumani inayowindwa humo imetokana na meli ya kweli, Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha na kusafirishwa kwa Reli ya Kati. Vyuma vyake vilipita hapa Dodoma, vikapita Tabora, vikaunganishwa Kigoma. Kwenye filamu meli inazama na hadithi inaishia hapo. Kwenye historia yetu Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mpenzi wa Bogart huko Chicago angefurahi sana kuelezwa hayo na mtu wa Kigoma.

Sasa tarehe ya kuandika kwenye kalenda: Januari 1, 2027. Sheria ya Marekani inailinda filamu ya zama zile kwa miaka 95, baada ya hapo inakuwa mali ya umma; yeyote anaweza kuionyesha, kuikata, kuitia sauti mpya, bila kumlipa mtu. Filamu za 1930 zilifikia zamu yao Januari 2026. Zamu ya 1931 ina vigogo: City Lights ya Charlie Chaplin, Dracula, Frankenstein. Wengine watashangilia hizo. Yetu sisi ni Trader Horn.

Mwaka 1929 studio ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke Afrika Mashariki kuitengeneza, akiwa na Harry Carey, Edwina Booth na Duncan Renaldo. Sinema ya sauti ndiyo kwanza inashika kasi, hivyo vyombo vya kurekodia vilimfuata huku huku. Booth aliugua vibaya, na baadaye akaishtaki kampuni. Filamu ilipotoka ilishindania Oscar ya filamu bora, na mabaki ya picha zake yakaingizwa kwenye Tarzan the Ape Man ya 1932. Mamilioni waliodhani wanaona msitu wa Tarzan walikuwa wanaona mito na wanyama wa kwetu.

Humo ndani yumo Mutia Omoolu, Mkenya, anayecheza Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, mhusika mkuu. Simama hapo. Jina lake limeandikwa pamoja na majina ya waigizaji wakuu, jambo ambalo Mwafrika wa wakati ule hakulipata kirahisi. MGM ilimvusha bahari hadi California kumalizia vipande vilivyobaki. Huyu ni mtu wa Afrika Mashariki aliyefanya kazi ndani ya studio kubwa kuliko zote za Hollywood, na sijasikia shule ya sanaa kwetu ikimtaja. Na katika filamu hiyo Kiswahili kinasikika. Mtazamaji wa Ohio husikia sauti tu. Mtoto wa Chang'ombe husikia maneno. Kwa karibu miaka 100 mazungumzo hayo yamekuwa yakisubiri msikilizaji anayeyaelewa.

Kijana mmoja wa Majengo niliyemuuliza habari za filamu hizi alinigeuzia kompyuta yake nione. Mafaili yamepangwa vizuri: Kihindi, Kikorea, Bongo, Zilizotafsiriwa. "Hizo zisizo na rangi nani anaangalia, mzee?" akasema. Lakini lile faili la Zilizotafsiriwa lilikuwa zito kuliko mengine yote, na ndilo linalompinga. Watazamaji wetu hawajawahi kuogopa filamu ya mgeni. Wanaichukua, wanamweka msimulizi juu yake, anaieleza, anaibishia, anaiongezea methali na mitaa ya kwetu mpaka inakuwa yetu. Derek Gaspar Mukandala, yule aliyejulikana kama Lufufu, aliifanya kazi hiyo hadi ikawa sanaa inayojitegemea. Msimulizi wa aina yake akipewa Trader Horn, akawajibu wale Wazungu papo hapo, kila wanapomdharau Rencharo, nani atasema hakuna wa kuiangalia?

Kauli ile kwamba filamu za kale si zetu ina pacha wake, kwamba sinema kwetu ni jambo la juzi, imeanza na waigizaji kama Kanumba. Nao ni uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa hapa filamu za Kiswahili, Muhogo Mchungu ikiwamo, na nyota wake alikuwa Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyo huyo. Aliapishwa kuwa Waziri Mkuu Januari 1962, miaka 19 kabla mwigizaji Ronald Reagan hajaapishwa kuwa Rais wa Marekani. Na uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipopitishwa mwaka 1973, Kawawa alikuwa tena Waziri Mkuu. Mji huu umepangwa chini ya serikali ambayo Waziri Mkuu wake alikuwa nyota wa filamu, halafu wakazi wake wanaambiana filamu za zamani si zetu.

Ninachotaka kinawezekana. Idara za historia na za sanaa UDOM ziitafute nakala safi ya Trader Horn mapema, wanafunzi waandike kila sentensi ya Kiswahili iliyomo, wenzao wa Uganda na Kenya wasaidie kutambua mahali na watu. Apatikane msimulizi mmoja mkali. Januari Dodoma ni mvua, kwa hiyo uwanjani haifai. Ukumbi wa Chimwaga upo. Kiingilio kiwe kidogo ili kijana wa Majengo aje, na akitoka apewe nakala bure aiweke kwenye kompyuta yake. Kibali cha Marekani hakitahitajika tena. Kitakachohitajika ni cha Bodi ya Filamu, na wizara inayoisimamia iko Mtumba. Barua ipelekwe mwaka huu.