Kabla tingatinga halijaingia Mweru

Mhariri,

Wanafunzi wa Shule ya Upili ya Mweru, hapa Mukurweini, wanasomea palipokuwa kambi ya kazi ya waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni Waingereza Oktoba 1952. Wasichana wa Shule ya Upili ya Kangubiri nao wamo katika iliyokuwa kambi ya Aguthi.

Sasa mtaala mpya unadai madarasa na maabara, na pesa za mfuko wa maendeleo wa eneobunge (CDF) zikitoka, jengo kuukuu ndilo la kwanza kutazamwa kwa jicho baya. Sipingi ujenzi. Mwanangu naye anastahili paa lisilovuja.

Ninaloomba ni dogo. Kabla ya ukuta wowote wa zamani kuangushwa, upimwe na upigwe picha ndani na nje, hadi mikwaruzo iliyo kwenye plasta. Wazee waliopitia kambi hizo waletwe wasimulie wakiwa wamesimama papo hapo, maana mtu akiuona mlango hukumbuka mengi kuliko akiulizwa sebuleni. Mwalimu wa historia mwenye simu na tepu ya fundi anaweza kuanza kesho. Mashirika ya Museum of British Colonialism na African Digital Heritage tayari wameziunda upya kambi hizi kwenye kompyuta.

Waingereza walichoma faili nyingi wakiondoka, na nyingine zikafichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi 2011. Kwa hiyo tusitegemee karatasi. Nakala moja ya picha, vipimo na masimulizi hayo ibaki maktaba ya shule, nyingine iende Makavazi ya Kitaifa, na kazi ianze muhula huu: wazee hao wamepita miaka themanini.

Mzazi,
Mukurweini